Sebule ya Mjomba Ni ya Inchi Ngapi?

Mwezi wa sita mwaka 2025 mjomba alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye WhatsApp. Dakika tatu za kwanza zilikuwa salamu, maana mtu wa Mwabungo haingii kwako na shida mkononi. Alinijulia hali, akamjulia hali mke wangu, akaijulia hali Nairobi nzima na baridi yake. Dakika ya nne ndiyo iliyobeba mzigo. "Mpwa wangu, nimeona televisheni pale Ukunda, inchi 65. Wanakubali nilipe mdogo mdogo. Chumba changu cha mbele wakijua, futi kumi kwa kumi na mbili. Wewe ni mtu wa kompyuta. Niichukue?"

Mimi si mtu wa televisheni. Lakini unajua mambo ya ukoo: ukishamrudishia shangazi picha zake zilizopotea kwenye simu, basi wewe ni fundi wa kila kitu chenye waya, mpaka friji. Nikamjibu upesi, kama tunavyojibiana mjini. "Shikamoo mjomba. 65 ni kubwa mno kwa hicho chumba. Chukua 43." Nikaona zile tiki mbili zimegeuka buluu. Kisha kimya. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mjomba akinyamaza hivyo ujue umemkosea. Na kwetu mjomba si mtu wa kukosewa. Kwa mila ya zamani ya Wadigo, mali ya mwanamume haikwenda kwa wanawe. Ilikwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Sheria ya Kiislamu inagawa kwa njia nyingine, na mvutano kati ya mila na sheria umesumbua koo nyingi za Kwale tangu enzi za mkoloni. Siku hizi wengi wetu tunafuata mgao wa sheria. Lakini mazoea hayajafa kabisa. Mjomba akitaka kuuza mnazi ananiuliza. Akitaka kukopa ananiuliza pia, kwa sababu kwa hesabu za wazee anayerithi shamba hurithi na deni.

Kwa hiyo swali halikuwa la inchi tu. Lilikuwa deni la miezi mingi, la mzee wa miaka sabini na kitu anayeishi kwa minazi na vibarua vya hapa na pale. Ikabidi nikae chini nijiulize: chumba kile kimepitia nini mpaka mzee huyu aone kwamba dawa yake ni inchi 65?

*

Televisheni ilianza kurushwa Kenya mwaka 1962 kutoka nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yake hayakuvuka maili kumi na tano hivi. Mwaka 1964 serikali ilichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970. Rangi zikaja 1978. Ng'ambo ya maji, Zanzibar walikuwa wametutangulia: televisheni yao ya mwaka 1974 ndiyo ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara, wakati Tanzania bara ilingoja mpaka 1994 kupata kituo cha kwanza.

Mwabungo iko kando ya barabara iendayo Lunga Lunga, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Gazi. Mawimbi ya Mombasa yalifika, lakini yalifika yamechoka. Ulihitaji antena juu ya mti mrefu wa mvinje uliosimikwa uani, na mtoto mmoja wa kuuzungusha huku mwenzake akipiga kelele dirishani: "Rudisha! Hapo! Hapo hapo!"

Mjomba alinunua televisheni yake ya kwanza mapema mwaka 1990, mtumba, huko Mombasa. Akavuka nayo feri ya Likoni akiwa ameipakata kama mtoto. Ilikuwa ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, yenye tundu la waya wa betri ya gari, voti 12. Stima haikuwako. Betri yenyewe ilifungwa kwenye kibebeo cha baiskeli na kupelekwa Ukunda kuchajiwa, inaachwa leo na kuchukuliwa kesho kutwa. Miaka iliyofuata televisheni za aina hiyo zilienea Kenya nzima. Wengi wenu mnaikumbuka Great Wall, au mmemsikia mzazi akiitaja. Hata paneli ndogo za sola, zilizonunuliwa kwa maelfu mashambani miaka ya themanini na tisini, watu wengi hawakuzinunulia taa. Walinunulia televisheni.

Sasa hebu tuipime hiyo inchi 14. Skrini hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na mtindo huu una sababu ya kihistoria. Mirija ya kwanza ya picha ilikuwa na uso wa duara, na duara hupimwa kwa kipenyo. Kioo kilipokuja kuwa cha pembe nne, wenye viwanda wakaendelea na kipimo kilekile kilichozoeleka, maana pia hutoa namba kubwa kuliko upana wenyewe. Umbo la zamani lilikuwa nne kwa tatu. Kwa hiyo inchi 14 ni upana wa sentimita 28 na kimo cha sentimita 21. Chukua karatasi ya A4 uilaze. Basi, hiyo ndiyo televisheni ya mjomba.

Na kwenye hiyo karatasi ya A4, jioni ya tarehe 8 Juni 1990, uani kwa mjomba walikaa watu ambao mama yangu anasema hawakupungua arubaini. Saa moja jioni Kamerun walicheza na Argentina, mabingwa wa dunia, mjini Milan. Omam-Biyik akafunga kwa kichwa. Kamerun wakamaliza mechi na watu tisa, wakashinda bao moja kwa bila. Mama anasema waliokaa nyuma hawakuona bao. Waliona wa mbele wakiruka, nao wakaruka.

Wataalamu wa picha wana kanuni kwamba picha ya kawaida ya zamani ilifaa kutazamwa kutoka umbali wa takriban mara sita ya kimo chake. Kwa kimo cha sentimita 21, hiyo ni mita moja na robo. Yaani kwa mujibu wa kanuni, wale watu arubaini hawakuwa wakitazama televisheni. Labda watano, wale watoto waliokaa mkekani mbele. Waliobaki walikuwa wakitazamana, na kusikiliza, na kusimuliwa.

Usiku wa tarehe 1 Julai, robo fainali na Uingereza, betri haikuwa imerudi Ukunda tangu wiki iliyopita. Mechi ilianza saa nne usiku. Kamerun walikuwa mbele mabao mawili kwa moja, Uingereza wakasawazisha kwa penalti zikiwa zimebaki dakika saba. Wakaingia muda wa nyongeza, na betri nayo ikaingia muda wake wa nyongeza. Televisheni za mirija zikikosa nguvu picha husinyaa kutoka kandoni. Ikawa bahasha, ikawa stempu, ikawa nukta. Penalti ya pili ya Lineker Mwabungo haikuonekana. Mtu alikimbilia redio, na habari ya kifo ikaja kwa sauti tu. Mkaza mjomba, mke wa mjomba, alikuwa na kauli yake juu ya usiku ule: "Afadhali. Tusingeweza kuliona lile."

*

Televisheni ya pili ilikuja kwa msiba.

Mjomba alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni Diani, akitandika vitanda na kubeba mizigo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi Likoni. Ghasia zilizofuata, mwaka wa uchaguzi, ziliua watu, zikahamisha maelfu wengine, hasa watu wa bara waliokuwa wakiishi pwani, na zikafukuza watalii kwa kipindi kirefu. Hoteli za kusini zikafunga milango moja baada ya nyingine. Wafanyakazi wakarudi majumbani na barua.

Hoteli ya mjomba, ambayo jina lake halina haja hapa, ilikuwa na deni la mishahara na haikuwa na pesa. Ilikuwa na vitu. Kuna aliyepewa magodoro, kuna aliyepewa viti vya plastiki. Mjomba alipewa televisheni ya rangi, inchi 21, iliyotolewa chumba cha mgeni. Akaileta Mwabungo kwa mkokoteni.

Ilikuwa na kichogo kikubwa na uzito wa mtoto wa shule. Na haikuweza kutumia betri. Ilitaka stima ya voti 240, na stima kwa mjomba haikuwako 1997, haikuwako 2002, haikuwako 2007. Kwa hiyo televisheni ya rangi ikakaa chumbani, na ile A4 nyeusi na nyeupe ikaendelea na kazi uani.

Mkaza mjomba hakukubali ikae bure. Mjomba akamwita seremala, likatengenezwa kabati la ukutani. Wewe uliyelelewa Kenya miaka ya tisini unalijua hilo kabati: mbao zilizopakwa vanishi nzito, milango ya kioo ya kuonyesha vikombe visivyonyweshewa mtu, na katikati tundu kubwa la mraba. Tundu lile lilipimwa kwa televisheni. Nyumba nyingi za Kenya ziliwekewa kabati lenye tundu la inchi 21, na tundu hilo likawa sheria. Hukujiuliza ununue televisheni ya ukubwa gani. Kabati lilikuwa limekwisha kuamua.

Juu ya televisheni mkaza mjomba akatandika kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya waridi ukingoni, pembe moja ikishuka mbele ya kioo. Juu ya kitambaa, picha ya Makka kwenye fremu. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo kazi ya televisheni, kushikilia kitambaa. Kwa miaka kumi na tisa kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya nyumba kilikuwa hakijawahi kuwashwa. Wageni wakikaribishwa walikaa wakikitazama, kimezimwa, na wakisifu.

Unaweza kucheka. Mimi nimeacha kucheka. Ile televisheni ilikuwa mshahara wa mjomba. Ukizima kazi ya mtu kwa siku moja na kumpa kioo mkononi, atakiweka mahali pa heshima, kiwake kisiwake.

*

Kisha mambo mawili yakatokea karibu pamoja, na kwa mpangilio wa ajabu.

Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya analojia. Kulikuwa na kesi, kulikuwa na mabishano, vituo vinne vikubwa vikakosekana hewani karibu wiki tatu kati ya Februari na Machi, na kufikia mwisho wa Machi antena za zamani zilikuwa zinapokea chenga tupu. Kuanzia hapo, bila king'amuzi huoni kitu. Ile A4 ya mjomba, iliyokuwa imevumilia miaka ishirini na mitano ya betri, ikafa bila kuharibika. Ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni ulimwengu uliokuwa ukiongea nayo.

Mwaka huohuo serikali ilianza mpango wa kupeleka stima kwenye nyumba zilizo karibu na transfoma, na ada ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nguzo zikafika kwa mjomba mwaka 2016. Kwa hiyo hesabu yake ni hii: alipokuwa na mawimbi hakuwa na stima, na alipopata stima mawimbi yalikuwa yameondolewa mwaka mmoja kabla.

Nilikuwako siku televisheni ya hoteli ilipowashwa kwa mara ya kwanza. Kitambaa kilikunjwa kama bendera. Swichi ikabonyezwa, kioo kikavuma, nywele za mkono zikasimama, na ikatokea rangi ya buluu. Tukachomeka king'amuzi kwa zile nyaya tatu, ya manjano, nyekundu na nyeupe. Hakuna kitu. Kumbe televisheni za hoteli hufungwa kwa makusudi: mgeni asibadilishe mipangilio, asipandishe sauti akawasumbua jirani. Rimoti maalumu ya kufungulia ilibaki Diani, kama bado ipo. Fundi mmoja wa Ukunda alihangaika nayo siku mbili mpaka ikakubali nyaya. Sauti hakuifungua. Mpaka mwisho wa maisha yake televisheni ile haikupita nusu ya sauti. Mjomba alikuwa akisema bado inadhani kuna Mzungu amelala chumba cha pili.

Jirani walikuja wiki ya kwanza, wakaona, wakapongeza. Wiki ya tatu hawakuja. Si kwa ubaya. Nguzo zilezile zilifika na kwao. Wengine walikwisha kununua za sola zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu, na wengine wakanunua bapa za inchi 32. Uani kukabaki mti wa mvinje bila antena.

Mwaka 2023 mkaza mjomba alifariki. Matanga yalijaza nyumba kwa siku kadhaa, kisha nyumba ikatulia kwa namna ambayo haikuwahi kutulia. Mwanzoni mwa 2025 televisheni ya hoteli nayo ikazima. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula pini na maungio, fundi akafungua kichogo, akatazama, akafunga.

*

Siku ya nne nilimpigia simu. Sikumtajia inchi. Nilimuuliza, "Mjomba, hiyo 65, waitakia nini hasa?"

Akakaa kimya kidogo. "Ukiweka kitu kikubwa," akasema, "watu watakuja."

Basi hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza kweli.

Acha nikupe hesabu tuliyoifanya na mjomba, kwa sababu najua wengi wenu mnaishi vyumba vya futi kumi kwa kumi, Githurai au Bamburi, na swali lake ni lenu. Futi kumi ni mita tatu na sentimita tano. Toa meza ya televisheni na nafasi yake nyuma, toa mgongo wa kochi, na jicho lako linabaki na mita mbili na robo hivi mpaka kwenye kioo.

Wajapani wa shirika la NHK walioanza utafiti wa picha bora baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 walitaka picha inayomjaa mtazamaji, na HD tuliyo nayo leo ilikusudiwa itazamwe kutoka umbali wa takriban mara tatu ya kimo chake. Televisheni ya siku hizi ni kumi na sita kwa tisa. Ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68 na nusu. Mara tatu ni mita mbili na kidogo. Kwa hiyo kama utatazama sinema za HD peke yako, kwenye chumba cha futi kumi, 55 inakaa vizuri. Hapo mjomba alinicheka: "Mbona ulikataa?"

Nilikataa kwa sababu ya anachotazama. Vituo vingi vya bure kwenye king'amuzi bado vinaleta picha ya kawaida, na picha hiyo ina kanuni ileile ya zamani, mara sita ya kimo. Kwa mita mbili na robo, kimo kinachofaa ni sentimita 37 hivi, yaani kama inchi 30. Ukiitandaza picha hiyohiyo kwenye 65, yenye kimo cha sentimita 81, unaona vumbi na kingo zilizochakaa, na sura ya msomaji wa Taarifa ya Habari inakuwa kama imechorwa kwa brashi ya chokaa. Ukubwa hauongezi kilichomo. Unapanua tu kinachokosekana.

Kati ya 30 na 55 ndipo ilipo 43: upana sentimita 95, kimo sentimita 53 na nusu. Habari inavumilika na mpira wa HD unapendeza. Na usidhani 32 bapa ni ndoto kubwa kuliko ile ya hoteli. Inchi 21 ya zamani ilikuwa na kimo cha sentimita 32, na 32 ya leo ina 40. Ulichoongezewa zaidi ni mabega. Mabega hayohayo ndiyo yaliyofanya makabati ya ukutani yakatwe kwa msumeno nchi nzima, maana tundu lilikuwa la mraba na kioo kipya ni kirefu.

Aina nayo. Wauzaji watakwambia LED, QLED, OLED kama vile wanasoma uradi. Kwa ufupi: LED ni kioo cha LCD chenye taa ndogo nyuma yake. QLED ni ndugu yake aliyeongezewa tabaka la kukoleza rangi. OLED ni ukoo mwingine, kila nukta inawaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo nyeusi yake ni nyeusi ya usiku, na bei yake ni ya mchana. Chumba cha mjomba kina mlango unaotazama uani, na mlango haufungwi kuanzia alfajiri. Kwa mwanga ule nyeusi ya usiku haina faida.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelitaja ni pembe. LCD zina namna mbili kuu za kioo. Moja ina weusi mzuri ukikaa katikati, lakini ukikaa upande rangi zinapauka. Nyingine, wanayoiita IPS, weusi wake ni wa kijivu kidogo lakini aliye kando anaona karibu sawa na aliye katikati. Mtu anayetazama peke yake kwenye kochi achague ya kwanza. Nyumba ambayo watu watakaa mkekani, ukingoni mwa kitanda, na wengine kusimama mlangoni, inataka ya pili. Dawa yake ni rahisi: ukiwa dukani nenda ukasimame karibu na ukuta, uitazame televisheni kwa kando. Ukiona sura imeiva kijivu, shukuru na uondoke.

Na urefu wa kuitundika. Mjini tunaitundika karibu na dari kama saa ya kituo cha basi. Aliyekaa kochini jicho lake liko kama mita moja kutoka sakafuni, aliyekaa mkekani chini zaidi ya hapo. Mjomba akasema weka mezani. Na usisahau kile kikasha cha kulinda stima, kwa sababu kwetu stima hukatika kwa hasira na kurudi kwa hasira zaidi.

Kuna hesabu moja ya mwisho iliyonitia adabu mwenyewe. Simu yangu ina inchi 6 na nusu. Nikiishika sentimita 30 kutoka usoni, inajaza jicho langu kuliko 43 ya mjomba iliyo umbali wa mita mbili na robo. Yaani kwa ukubwa unaoonwa na jicho, kila mtoto wa Mwabungo ana televisheni kubwa kuliko hiyo 43 ya mjomba, na anayo mfukoni. Kama ni ukubwa ndio uwaitao watu, wamekwisha kuitwa, kila mmoja kwake.

Nilimweleza hivyo, nikiogopa nimemvunja moyo. Akasema, "Kwa hiyo hata 65 hawatakuja."

"Hawatakuja kwa sababu ya inchi, mjomba."

"Walikuja kwa inchi 14."

"Walikuja kwa sababu ilikuwa moja."

Akavuta pumzi. "Na walikuja kwa sababu mkaza mjombako alikuwa akipika mihogo."

*

Tulichanga, wapwa na binamu, tukanunua 43 kwa pesa taslimu. Ile 65, kwa jinsi walivyoipiga hesabu ya mdogo mdogo, ingetosha kununua mbili kama hii na chenji ya king'amuzi. Deni halikuzaliwa. Nilishuka nayo mwenyewe mwanzoni mwa Agosti. Kabati la ukutani halikukatwa: tuliliacha na tundu lake, televisheni ikakaa mezani pembeni mwa dirisha, ukuta ambao upepo wa bahari haupigi moja kwa moja.

Mjomba alileta kile kitambaa. Akajaribu kukitandika juu. Kikateleza. Akajaribu tena, akakaza ukingo kwa vidole. Kikateleza. Televisheni za sasa hazina kichogo, hazina mahali pa kushikia kitambaa. Nikaondoka nikatoka nje nijifanye napiga simu. Niliporudi alikuwa amekitandika mezani, chini ya miguu ya televisheni, pembe yenye maua ikishuka mbele.

Mwezi ule Kenya ilikuwa mwenyeji wa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Tarehe 10 Agosti Harambee Stars waliwafunga Moroko bao moja kwa bila Kasarani, na mjomba alitazama peke yake. Kesho yake alinipigia, hakuzungumzia mpira. Aliuliza bei ya unga wa ngano Nairobi, kisha akauliza kama nakumbuka mihogo ile ilipikwaje, na nazi au na nini.

Tarehe 22, Ijumaa, robo fainali na Madagaska, alitandika mikeka miwili, mmoja ndani, mmoja uani, akageuza meza ielekee mlangoni. Aliweka sufuria ya mihogo ya nazi. Hakuita mtu. Dada mmoja jirani alipita kuuliza harufu ni ya nini. Watoto wake wakamfuata. Mtu wa boda boda akasimamisha pikipiki aulize matokeo, akazima injini. Binamu yangu alinitumia picha: watu kumi na wanne, nimewahesabu. Watatu wana simu mkononi, mechi hiyohiyo inaonekana kwenye simu zao, lakini wametazama mbele.

Tukatolewa kwa penalti. Safari hii walioketi Mwabungo waliziona zote.

Usiku mjomba alinitumia ujumbe wa sauti. Salamu dakika tatu. Kisha: "Mpwa wangu, hii televisheni yako ina kasoro moja. Sauti yake kubwa mno. Imenipasua masikio watu walipokuwa wakipiga kelele."